Rehema, Aliyepiga Kelele kwa Ajili Yangu

Tumemzika Rehema jana, hapa Mikumi. Leo asubuhi nimempigia simu bila kufikiri. Imelia chumba cha pili. Mama yake akatoka nayo mkononi.

Wengi humu kundini mnamjua kwa jina la Honi. Jina hilo nilimpa mimi, na leo linanichoma.

Mwaka juzi tulikuwa wote leba, Kilosa, vitanda vinakaribia kugusana. Nesi mmoja, sisi wanne.

Mimi nilifundwa nisitoe sauti. Bibi alisema anayelia leba anaaibisha ukoo. Nikang'ata kanga mpaka nikajifungua, na baada ya hapo nikaendelea kunyamaza. Nesi anakwenda kwa wanaolia. Mimi ananiona nimetulia.

Rehema, na uchungu wake mwenyewe, ndiye aliyegeuka akaona damu inadondoka chini ya kitanda changu. Alipiga ukelele, jamani! "Sista! Wee sista! Huyu wa pembeni anakwenda huyu!"

Ndiyo maana niko hai naandika.

Kesho yake yule nesi akatuambia, "Wanangu, miguu yangu miwili, ninyi wanne. Haki yenu niwapime presha, nisikilize moyo wa mtoto, na mkishajifungua nirudi kuangalia damu tena na tena. Nisiporudi, niiteni. Anayelia najua yuko hai. Anayenyamaza ndiye ananitisha."

Badala ya kushukuru nikaanza utani. "Honi ya treni! Abiria stesheni walishika mizigo!" Tukacheka sokoni. Mawifi zake wakalidaka jina, likafika mpaka kwa mama mkwe. Rehema naye alicheka. Nilidhani anacheka.

Mwezi uliopita akanipigia, tumbo la pili limeshakuwa kubwa. "Mama Nasra, safari hii sipigi honi. Mama mkwe atakuwa dirishani."

Nikamjibu, "Tutaona!"

Tutaona. Hilo ndilo nililomwambia.

Jumanne mchana akajifungua salama, mtoto wa kike. Nesi alikuwa mmoja siku hiyo pia. Amekuja msibani, amekaa nasi mkekani, hakuficha kitu. Alipita kwa Rehema mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa, "Niko sawa sista, nenda kwa wanaolia." Aliporudi mara ya tatu kanga zote zimelowa damu, mikono imekuwa ya baridi.

Mama mkwe anasema hakusikia hata mguno. Tangu jana anarudia hilo hilo, na hasemi kwa kujisifu.

Dada zangu wenye matumbo, mimi ni wa darasa la saba, kanuni za hospitali sizijui. Ila nesi anatakiwa arudi kukuangalia. Akichelewa, mwite. Ukisikia kizunguzungu, ukisikia baridi, ukiona damu haikati, piga kelele. Wakikucheka kesho, utakuwepo kuwasikia.

Honi wangu, ninaandika huku nimembeba mwanao. Analia kwa sauti yako ile ile, nyumba nzima inamsikia. Mama mkwe wako alinyoosha mkono amnyamazishe, kisha akaurudisha mapajani.

Tumemwacha alie.

Nisamehe, mwenzangu. Lala, sisi tuko macho na mtoto.