Maktaba Iliyonyimwa Pumzi

Babangu alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale alizipaka kwa mikono yake, na maktaba niliyoifanyia kazi miaka kumi na mmoja ilikuwa mojawapo: nyumba ya mawe ya matumbawe, dari ya boriti, ua wazi katikati. Hata Februari, jua likichoma lami, ndani mlikuwa na ubaridi, na hatukuwa na feni hata moja. Wanafunzi wa mtaa wa Majengo walikuja kudurusu. Wengine walikuja kulala tu, nami niliwaacha.

Kisha ukaja mradi. Kamati iliyosimamia maktaba ilitaka iwe "rafiki wa mazingira". Msanifu majengo, mtu mpole, alitandaza ramani mezani: paneli za sola juu ya paa, ua ufunikwe kwa kioo, kuta zilizobambuka zipigwe plasta ya saruji. Sikuona kosa. Jioni nilimweleza baba.

"Saruji juu ya matumbawe?" akauliza.

"Ni imara zaidi, baba."

"Mawe yale yametoka baharini, mwanangu. Yana chumvi, na yanavuta maji kutoka chini. Chokaa huyaachia maji yatoke, saruji itayafungia ndani. Na ule ua ndio pua ya nyumba. Nenda ukawaambie."

Sikuwaambia. Siku ya mkutano wa kamati nilikaa nikiandika kumbukumbu. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, niliona haya kusema kwamba babangu, aliyeishia darasa la nne, ameona kasoro katika ramani ya mtu wa chuo kikuu.

Siku ya ufunguzi tulifukiza udi, tukala halwa. Masika yalipoingia, rangi mpya ikafura na kuta zikatoka jasho. Chini ya kile kioo hewa ilisimama, na ilinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi.

Jirani mmoja, bibi mjane, alikuwa ametuachia daftari la marehemu mumewe, mashairi aliyoyaandika kwa herufi za Kiarabu. Nyumbani kwake paa lilivuja, akaona kwetu patakuwa salama. Kila Alhamisi alikuja kulisoma. Alhamisi moja nililitoa kabatini nikakuta kurasa zimegandamana na wino umetawanyika. Akajaribu kuufungua ukurasa kwa ukucha. Ukatoka vipande vipande.

"Kwangu palivuja," akasema taratibu, "lakini palikuwa na upepo."

"Niwie radhi, bibi."

Hakunilaumu. Alilifunga daftari ndani ya mtandio wake, akaondoka. Sikumwona tena pale.

Siku ya pili nikampeleka baba. Kifua chake kilikuwa kimeshaharibika, tulipumzika mara tatu njiani. Akaweka kiganja ukutani, akakitazama kilivyolowa.

"Uliwaambia?"

"La, baba. Sikuwaambia."

Akaketi kwenye kiti cha wasomaji. Kisha akaomba tindo na nyundo. Alibandua kipande cha upana wa mlango, kikohozi kikamshinda, nikaendelea mimi hadi viganja vikachubuka. Nyuma ya saruji jiwe lilikuwa limelowa, likimomonyoka kama sukari guru.

Baba alifariki kabla ya vuli. Kamati iliwaandikia wafadhili wa mradi kuomba msaada wa kubandua saruji yote, ikajibiwa kwamba mradi umekwisha na ripoti yake ilishapokewa. Maktaba ikafungwa. Vitabu vilivyosalia vilitiwa makashani, vikapelekwa ghala moja la Mbaraki.

Sasa nafanya kazi katika maktaba ya shule, Kizingo. Madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinanguruma kutwa, watoto huvaa sweta. Mwaka jana waliitisha mkutano wa ukarabati. Safari hii niliinua mkono, nikaeleza habari ya madirisha, upepo na chokaa, yote niliyofunzwa na baba. Walinisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akanishukuru, kisha wakajadili aina ya kioo.