Kinyozi Aliyejua Sababu ya Kila Habari

Jina la Nabii hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, na chanzo chake kilikuwa televisheni. Aliitundika juu ya kioo cha saluni yake, hivi kwamba ukikaa kitini unajiona uso, na juu ya kichwa chako unaiona dunia ikiungua. Habari ikitangazwa, kinyozi huyu huinua mashine, akatazama, akatoa hukumu. Serikali imepinduliwa? Kiburi hicho. Ukame? Watu wameacha kutoa zaka. Treni imeacha reli? Haya, nani aliwatuma kusafiri siku ya ibada?

"Nabii," fundi wa redio alimwambia siku moja, "nimalizie upande wa kushoto kwanza, ndipo uyahukumu mataifa. Unataka niende kazini nikiwa nusu mtu?"

Saluni nzima iliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, kwani hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na yatima hawakulipa kitu kwake. Hakusema kwa ubaya. Aliamini tu kwamba mtu anayemjua Mungu hapaswi kushangazwa na jambo lolote, na kwamba kukosa maelezo ni upungufu wa imani.

Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa maneno machache. Akimsikia mumewe akianza mezani, humsogezea sahani. "Kula, baba watoto, chakula kinapoa."

Asubuhi iliyombadilisha, aliyekuwa kitini ni mwoka mikate, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Walikuwa wakisikiana kikohozi. Kidevu cha mwoka mikate kilikuwa kimejaa povu la sabuni mtangazaji aliposema kwamba mvua ya usiku imeporomosha mlima mzima juu ya mji wa machimbo, watu wakiwa wamelala.

"Mji ule!" Nabii alisema huku akikung'uta kiwembe. "Nani asiyeujua mji ule? Baa mlango kwa mlango, kamari mchana kweupe. Mungu ni mvumilivu, jamani, lakini uvumilivu wake una ukingo."

Akangoja itikio kama kawaida.

"Dada yangu yuko pale," mwoka mikate alisema.

"Pale wapi?"

"Chini ya mlima huo. Ndiko alikoolewa. Anafundisha watoto wa chekechea."

Mtu mmoja kwenye benchi alinyanyuka, akapunguza sauti ya televisheni. Nabii alibaki amesimama, kiwembe mkononi, koo la jirani yake likiwa wazi mbele yake.

"Nimalizie," mwoka mikate alisema taratibu. "Nataka nikapige simu."

Alimmalizia. Kiwembe kikamkata kidogo chini ya sikio. Mwoka mikate alijifuta damu kwa taulo, akatoka.

Mchana huo alifunga saluni, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa akianika mashuka. Alimsimulia yote, akamaliza kwa kusema, "Lakini mambo ya mji ule si yanajulikana?"

Mkewe alibana shuka kwenye kamba. "Mume wangu, mimi hupokea vichanga visivyolia. Havijapata hata nafasi ya kutenda dhambi. Mama zao huniuliza kwa nini. Unataka niwaambie kwamba Bwana alizungumzia watu walioangukiwa na mnara, akasema walikuwa wabaya kuliko wengine? Wewe ndiwe msomaji. Alisema hivyo?"

"Hakusema hivyo."

"Basi nenda kwa jirani yako."

Alimkuta mwoka mikate nyuma ya duka, amekaa juu ya gunia la unga. Tanuri lilikuwa baridi. Donge alilolikanda alfajiri lilikuwa limeumuka mpaka likafurika beseni, likining'inia pembeni kama ulimi, wala hakuna aliyelijali. Alikuwa akipiga simu, na kila mara sauti ileile ya adabu ilimjibu kwamba nambari haipatikani.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Nabii alisema.

"Kaa." Mwoka mikate alisogea, akampisha kwenye gunia. "Ulipokuwa ukisema, mimi nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nimekaa kwenye kiti kile nikakuitikia. Msamaha upo. Sasa niombee. Wewe unajua kuzungumza naye."

Nabii alifumba macho. "Bwana," alisema, kisha maneno yakamkauka. Sala zote alizozijua zilianza na kujua: Bwana, tunajua kwamba. Aligundua kwamba ametumia miaka akimweleza Mungu mambo ya Mungu, na leo, alipotakiwa kuomba tu kama mtu mwenye shida, hakuwa na pa kuanzia. Walikaa hivyo mpaka simu ikaisha chaji.

Walisafiri pamoja kwa basi la alfajiri. Nabii alikuwa amevaa suti ya kanisani, Biblia kwapani. Walipofika hawakuona mji. Waliona udongo mwekundu, bati moja moja likichungulia, na watu wengi wakiinama. Mwanamke aliyetapakaa tope mpaka kwenye nywele aliwatazama kuanzia viatuni.

"Mmekuja na koleo?"

"Hapana, mama."

"Hata jembe?"

"Hatukuja nalo."

"Basi sogeeni, mmesimama juu ya jiko langu."

Nabii alivua koti, akaifungia Biblia ndani yake, akaiweka juu ya jiwe. Wakapiga magoti, wakachimba kwa mikono mahali walipoambiwa palikuwa na nyumba ya dada, kando ya shule ya chekechea. Udongo ulikuwa mzito kama unga uliolowa. Ukitoa konzi mbili, tatu zinateremka.

Kila baada ya muda kipaza sauti kililia, na mlima mzima ukanyamaza, ili wenye masikio mepesi wasikilize kama kuna anayegonga huko chini. Majembe yalitulia. Mtoto akilia, alizibwa kinywa kwa kiganja. Katika ukimya huo Nabii alisali bila kufungua mdomo, sala ya neno moja tu: gonga. Gonga, dada. Gonga, yeyote.

Hakugonga mtu. Kipaza sauti kililia tena, na majembe yakaendelea.

Mvua iliporudi, askari waliwaondoa watu wote, kwa kuwa ufa mwingine ulikuwa umeonekana juu. Mwoka mikate hakupiga kelele. Alisimama kando ya kamba iliyozungushwa, akaita jina la utotoni la dada yake, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala chumba cha pili. Nabii alimshika kiwiko. Hakuna lingine alilokuwa nalo la kushika.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita mbele awaeleze waumini tukio lile lina ujumbe gani. Alisimama, kucha zake bado nyekundu.

"Ndugu zangu, nilikwenda. Sikuona ujumbe. Niliona watu. Naomba tunyamaze kidogo."

Walinyamaza, lakini wengi hawakupendezwa. Nje, mama mmoja wa kwaya alimwambia, "Mzee, tulikutegemea wewe. Ukisema hujui, sisi tushike nini?" Akamwomba radhi. Baadaye alisikia inasemwa kwamba imani yake imepoa. Aliuliza moyoni kama ni kweli, na hilo nalo hakulijua.

Dada hakupatikana. Mahali pale palifungwa, ikasomwa ibada moja kwa wote waliobaki chini.

Mwoka mikate aliwasha tanuri tena, maana wanawe walihitaji kula. Siku nyingine, kazi ikipungua, huingia saluni hata kama hana ndevu za kunyoa, akakaa tu. Mchana mmoja wa jua kali waliketi wawili peke yao, akauliza, "Unadhani alisikia mlima ukija? Au usingizi ulimficha?"

Nabii alitamani kusema usingizi ulimficha. Lingekuwa neno jema, na pengine la kweli. Alilitafuta kinywani, akaliona si lake kulitoa.

"Sijui, ndugu yangu," alisema. "Natamani ningejua."

Mwoka mikate aliitikia kwa kichwa. Nje mtu alikuwa akigonga mlango wa duka la mikate, akiuliza kama mwenyewe yupo, na wote wawili walisikiliza kule kugonga kabla mmoja wao hajanyanyuka.