Boti ya Mpira Iliyogoma Kurudi Begini

"Nileteeni kitu chochote chenye tundu, nitakijaza upepo mpaka kiimbe," alisema Bi Pampu kwenye kipaza sauti, katikati ya harusi ya jirani, baada ya kuombwa aseme neno moja tu la kuwatakia maharusi heri. Watu walicheka mpaka bibi harusi akashika shela lisidondoke. Shemeji yake Bi Pampu, ambaye hajawahi kuiacha nafasi kama hiyo ipite bure, akapaza sauti kutoka meza ya nyuma: "Ulianza na kichwa chako, shemeji, tunakiona." Bi Pampu akamjibu kwamba chake alishakikagua, akakuta hakina hata pa kuingizia. Harusi ikaendelea.

Majigambo ya harusini kwa kawaida hunyauka pamoja na maua ya mezani. Haya yalipona, kwa sababu miongoni mwa wageni alikuwamo msimamizi wa bwawa la maji, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, asiyecheka ila anayekumbuka. Jumatatu asubuhi alifika kibandani kwa Bi Pampu na begi la turubai begani.

Bi Pampu alikuwa fundi wa matairi, mwaka wa kumi na tisa huo. Kibanda chake kilikuwa na kompresa nyekundu iliyokohoa mara tatu kabla ya kuamka, beseni la maji ya kutafutia pancha, na kiti cha mbele cha gari ambalo hakuna aliyejua liliko, cha wateja kukalia. Ujazo wa tairi aliujua kwa kuligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Likijibu "bu", bado. Likijibu "ngo", tosha. Kipimo cha upepo alikuwa nacho, kimening'inia msumarini, kwa ajili ya wateja wasio na imani.

Ila wateja wenyewe, wenye imani na wasio nayo, walikuwa wamepungua. Tangu barabara mpya ifunguliwe upande wa pili wa mtaa, magari yalihama bila kuaga. Wiki nzima iliyopita kompresa ilikuwa imejaza baiskeli tatu na mpira wa watoto. Bi Pampu alikuwa ameanza kukitazama kibanda kwa jicho la mtu anayetafuta pa kupata kufuli kubwa.

Msimamizi akafungua begi. Ndani mlikuwa na boti ndogo ya mpira, ya watu wawili, ambayo ofisi yake huitumia kila Alhamisi kupima kina cha bwawa. Aliyekuwa akiitunza alikuwa amehama.

"Nataka mtu wa kuijaza, kuitoa upepo, na kuirudisha kwenye begi hili hili ikiwa kavu, kabla gari la ofisi halijaondoka," alisema. "Mkataba ni wa mwaka mmoja. Alhamisi hii ni majaribio."

"Kwani kutoa upepo nako ni kazi?" Bi Pampu aliuliza. "Kwetu hiyo kazi hufanywa na misumari."

Msimamizi hakucheka. Aliiacha boti ili ajizoeze, akaenda zake.

Zoezi la kwanza lilichukua dakika nne. Bi Pampu aliitandaza boti uani, akaiwashia kompresa, akagonga. Bu. Bu. Ngo. Akajipongeza kwa kikombe cha chai, akaiacha boti juani. Ilikuwa saa tano, jua halina utani. Upepo uliofungiwa ukipata joto hutanuka. Hilo alilijua tangu zamani, lakini tairi lina nyuzi za chuma ndani na subira nyingi. Boti haina hata kimoja. Ilisema pa. Jirani alitoka bafuni na sabuni usoni, akiuliza nani amepigwa.

Mume wa Bi Pampu, fundi cherehani aliyeshonea barazani, pazia moja tu kutoka kibandani, hakuinua mguu kwenye kanyagio.

"Miaka thelathini nashona," alisema, "na mshono wangu haujawahi kulia pa."

"Mshono wako haujawahi kubebeshwa mzigo, Baba Watoto."

"Hujaona kaka yangu akikaa kitako na suruali niliyomshonea."

Kuziba, hapo Bi Pampu hakuhitaji kufundishwa. Alipasugua palipopasuka kwa msasa, akapafuta, akapaka gundi mara mbili, akasubiri mpaka ikaacha kunata kidoleni, ndipo akalaza kiraka, akakiviringishia chupa na kukilazia jiwe mpaka kesho yake. Mikono iliyokuwa na pupa kwenye kompresa ilikuwa na adabu kwenye gundi.

Kisha akaazima pampu ya mguu. Akagundua kwamba boti haijazwi kwa fujo: kidogo ubavu wa kulia, kidogo wa kushoto, kwa zamu, maana ukishindilia upande mmoja mpaka mwisho unausukuma ukuta wa ndani unaotenganisha mbavu hizo. Halafu sakafu. Viti mwisho. Kugonga akaacha, akatumia dole gumba. Lilipozama kidogo, kama unapolibonyeza shavu la mtoto aliyeshiba, aliacha hapo hapo. Juani unaibakishia nafasi ya kutanuka, na ikishaingia kwenye maji baridi ikalegea, unaiongeza.

Jumatano jioni boti ilikaa uani kama bibi harusi. Kuitoa upepo hakujizoeza. Aliifungua, akaikalia, akaifunga ndani ya shuka kama mzigo wa dobi, na begi akalishika mkononi likiwa tupu. Aliona kabisa kwamba furushi lile haliingii humo. Akajiambia ya kesho yatajulikana kesho.

Alhamisi mambo yalinyooka. Aliijaza mbele ya msimamizi kwa dakika ishirini, akaiingiza majini, akaibonyeza, akaiongeza pampu mbili tatu. Msimamizi na msaidizi wake walizunguka bwawa wakishusha kamba yenye alama za kina, wakarudi na soksi kavu. Ilikuwa saa nane. Gari lingeondoka saa tisa.

Hapo ndipo boti ilipoonyesha tabia yake. Bi Pampu aliikunja kama blanketi, akianzia upande wa nyuma, kwenye vizibo. Pua ikavimba. Akaiminya pua, mbavu zikavimba. Akailalia kwa tumbo, ikacheua mara moja, ikanyamaza. Begi lilifunga zipu nusu, likakataa. Msimamizi akatazama saa, akaandika kitu. Bi Pampu alijiona akirudi kwenye baiskeli tatu na mpira mmoja, jasho likamtoka hadi kwenye visigino.

Mume wake alikuwa amefika kwa baiskeli kumletea chakula. Alikaa kwenye nyasi akikila yeye mwenyewe.

"Mama, ukitaka kufukuza kuku watoke ndani," alisema, mdomo umejaa, "unaanza kwa kusimama mlangoni?"

"Baba Watoto, sina nafasi ya mafumbo."

"Upepo unatokea wapi?"

"Kwenye vizibo."

"Na wewe umeanza kukunja wapi?"

Bi Pampu aliitazama boti, akavitazama vizibo vilivyokuwa katikati kabisa ya furushi, vimezikwa. Akacheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyetafuta miwani ilhali ameivaa. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameuonyesha upepo njia ya kutoka. Uliondoka wenyewe, tena kwa hasara ya mwenye gari.

Wakaitandaza upya, wakafungua vizibo vyote, wakaifuta maji na mchanga kwa kitambaa. Wakakunja mbavu kuja ndani mpaka upana ukalingana na begi, kisha wakaviringisha kuanzia puani kuelekea kwenye vizibo, taratibu, magoti yakifuata. Upepo ulitoka ukipiga mluzi. Zipu ikafika mwisho.

"Vizuri," alisema msimamizi. "Ila mkataba una jina moja. Mama, ijaze kidogo, halafu uitoe na kuikunja mwenyewe. Una dakika kumi na tano."

Mume akaambiwa akalie mikono yake na afunge mdomo. La kwanza aliliweza. Bi Pampu aliipiga boti pampu hamsini, akafungua vizibo, akafuta, akakunja mbavu, akapiga magoti puani na kuanza kuviringisha, huku mume akihesabu kwa sauti dakika ambazo hakuna aliyemuuliza. Dereva alikuwa ameshawasha gari zipu ilipofika mwisho, na bado palibaki nafasi ya kupenyeza pampu. Msimamizi alitia saini mkataba juu ya boneti, akampa Bi Pampu kalamu naye atie. Aliporudishiwa kalamu, Bi Pampu akamwona akicheka. Ana meno mazuri, kumbe.

Habari zilisambaa upesi. Mwezi huo huo watu walianza kuja kibandani na magodoro ya upepo, mabwawa ya plastiki ya watoto, na ngome ya mpira ya kurukia ambayo mwenye nayo alikuwa amelala nayo sebuleni wiki mbili. Kujaza kila mtu alikuwa ameweza. Kilichowaleta ni maboksi yaliyokataa kufunga. Mume alichukua chaki ya kupimia nguo na rula yake, akaandika bei ubaoni kwa mwandiko wa kunyooka.

Kujaza ni shilingi mia tano. Kutoa upepo na kukunja ni shilingi elfu tatu.