Fungu la Barabara

Gédéon aliuawa kwa sababu mfuko wake ulikuwa mtupu. Alikuwa amechimba dhahabu Salamabila karibu mwaka mzima, na siku ya kurudi kwao Lusangi alijiona mjanja kuliko wote: pesa zake zote alizituma kwa simu, akashika njia na suruali yake na chupa ya maji. Watu wa msituni wakamsimamisha. Wakampekua, wakamvua viatu, wakampekua tena. Hawakupata hata noti ya kununulia sigara. Basi wakapandwa na hasira, wakampiga risasi ya tumbo na kumwacha kando ya njia akitambaa kwenye matope. Alikufa kabla jua halijatua. Pesa zilifika salama.

Aliyezipokea ni dada yake, Emilienne. Alizitoa akanunua mbao za sanduku, misumari na mchele wa matanga, na tangu siku hiyo bajeti ya nyumba yake ikabadilika.

Maana Emilienne alikuwa na bajeti yake, tena kali. Aliishika kwenye kikwembe kimoja cha zamani, kitenge kilichochakaa hata maua yake hayaonekani. Pembe ya kwanza ilikuwa na fundo la chumvi na sabuni. Ya pili, fundo la dawa. Ya tatu, fundo la masomo ya Grâce, binti yake wa pekee, aliyekuwa anamaliza sekondari mwaka huo na angelipia egzame, mtihani wa mwisho. Pembe ya nne ilikuwa imekaa bure miaka yote, na mumewe, Placide, alikuwa akimtania kwamba ni ya kununulia suti yake. Baada ya kumzika kaka yake, Emilienne alifunga fundo pale na kulipa jina: barabara.

"Mama Grâce," Placide akamcheka, "sasa tunalisha hata wezi?"

"Ndiyo, tunawalisha. Ao unapenda wakukule weye?"

Placide akaacha kucheka, kwa sababu anayepita njia ile ni yeye. Kila baada ya mavuno alipakia magunia ya mchele na mitungi ya mawese kwenye kinga, baiskeli yake ya chuma kizito, akafunga fimbo kwenye usukani na kuisukuma kwa miguu mpaka Salamabila, kwa wachimbaji ambao hawalimi lakini wanakula kama wameshinda njaa mwaka mzima. Kurudi alirudi na pesa zimeshonwa ndani ya mpira wa tairi. Fungu la barabara lilikaa mfuko wa shati, mahali pa kufikiwa haraka.

Lilikuwa faranga elfu tano, si zaidi. Na halikutolewa hivihivi. Placide alijifunza kulia kidogo, kutaja malaria ya mke wake na deni la kanisa, kuitoa noti polepole kama anang'olewa jino. Aliyeipokea mara nyingi ni mtu mmoja aliyeitwa Kadogo, jina alilopewa alipobebeshwa bunduki angali mtoto, na sasa ndevu zilikuwa zimeanza mvi na jina halijamtoka. Kadogo alimtukana, akampiga teke la matako, akamwachilia. Ndivyo walivyoishi, na usiniulize kama ni haki. Mtu akipita akiwa mzima, Emilienne aliihesabu kuwa bei nzuri.

Kisha mvua zikaja, na katika juma moja wachuuzi wawili wakachinjwa kivukoni, kwenye kizuizi cha watu wa msituni. Walioleta maiti walisema marehemu walitoa pesa ndogo mno. Wengine walisema hapana, walibishana. Emilienne hakutaka kujua yupi anasema kweli. Alifungua fundo la dawa, akalimwaga lote juu ya fundo la barabara, na elfu tano ikawa elfu thelathini.

Placide alizishika zile noti kwa mashaka. "Mama Grâce, hii iko mingi. Watawaza nini?"

"Watawaza kukuachilia. Dawa tutatafuta kisha. Enda, urudi."

Alikosea, na alikosea kwa mapenzi. Nasema wazi hapa ili asije mtu akamhukumu kwa pupa: ni nani angelala na noti kwenye kikwembe huku mume wake yuko kwenye njia ile?

Placide alipofika kwenye kizuizi aliona damu ya watu bado iko kwenye majani. Kilio kikamkauka. Akatoa elfu thelathini kwa mkupuo, mikono miwili, bila neno. Kadogo akazihesabu. Akamtazama Placide, akazihesabu tena. Hakumtukana. Hakumpiga teke. Akampa sigara, akaiwasha mwenyewe, akamwuliza kwa sauti ya rafiki, "Baba, unatokea kijiji gani?"

Placide, kwa furaha ya kubaki hai, akamwambia.

Walikuja Jumamosi asubuhi, Kadogo na wenzake wawili. Emilienne alikuwa nyuma ya jiko akichemsha chikichi kwenye nusu pipa, mafuta mekundu yameanza kupanda juu. Grâce alikuwa barazani na daftari la hesabu. Placide alikuwa ameinamia tairi la kinga yake, pesa za safari zimeshakwisha kwenye madeni, na hakuwahi hata kusimama: kitako cha bunduki kilimpata shingoni, akaangukia uso kwenye spoku. Wakamgeuza, wakampiga mateke ya mbavu hadi akatapika. Mmoja alimkamata Grâce kwa nywele na kumgongesha kichwa kwenye nguzo ya nyumba.

"Mutu anatoa elfu makumi tatu bila kulia," Kadogo alisema, na hakuwa na haraka hata kidogo, "kwake nyumbani iko na ngapi?"

Hapo Emilienne akaelewa alichokifanya. Alikielewa mwili mzima. Alikimbia ndani akatoka na kikwembe, akakitandaza chini mbele yao na kuyafungua mafundo kwa meno.

"Ona, mukubwa. Hii ya chumvi. Hii ya masomo ya mutoto, ya egzame, mutwae yote. Hii ya dawa, tupu, unaona iko tupu? Ni ile niliitoa nikawapatia ninyi! Ile elfu makumi tatu ilikuwa dawa yetu!"

Alikuwa anasema kweli tupu, na hakuna hata mmoja wao aliyemwamini. Nani aliwahi kusikia maskini anayewaongezea wezi kwa hiari yake? Kadogo akazoa zile za egzame, akazikunja mkononi, akacheka.

"Nyingine iko wapi?"

"Haiko, mukubwa. Naapa kwa mwili wa kaka yangu."

"Laza mikono yake."

Wakailaza mikono ya Placide juu ya kinu kilichopinduliwa. Panga likashuka kwenye wa kushoto. Halikukata mara moja, lilirudiwa. Placide alilia kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia, wala katika kuzaa, wala katika kuzika. "Iko wapi?" Panga likashuka kwenye wa kulia, likapasua nyama kutoka kiwiko, likagota kwenye mfupa. Yule mwenye panga akalinyanyua tena.

Emilienne hakumbuki alivyofika kwenye pipa. Anakumbuka sufuria mkononi na moshi usoni. Alimwagia Kadogo mafuta ya moto usoni na kifuani, yule mwenye panga akapata yake kwenye mapaja, na kilio chao kilisikika hadi ng'ambo ya kijito. Bunduki ilianguka. Aliyekuwa amemshika Grâce aliona majirani wanakuja mbio na majembe, akamwachia msichana akatoroka, na wa panga akamfuata akichechemea. Kadogo hakuweza. Alikuwa anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ngozi inamtoka pamoja na shati.

Watu wa Lusangi walimuua pale pale uani. Jembe, mchi, mawe. Nisiseme uongo: Emilienne naye alipiga. Alipiga hata baada ya mtu yule kunyamaza, mpaka Mahamudu, jirani yao, akamkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma na kumwambia, "Dada, acha. Mume yako angali mzima."

Pesa za egzame zilikuwa zimesambaa kwenye matope, zimelowa mafuta na damu. Grâce ndiye aliyeziokota, moja moja, damu ikimtiririka kutoka kwenye paji la uso.

Walimfunga Placide kwa vitambaa, wakamketisha kwenye pikipiki katikati ya dereva na Emilienne, na njia yote hadi Kasongo alimbana kifuani ili asianguke. Kwenye hospitali daktari alimwangalia upesi. Wa kushoto umekwenda, alisema, huo wanaumalizia kuukata. Wa kulia wanaweza kuushona, mishipa bado iko, lakini uzi, damu, sindano na dawa vinalipwa kwanza, tena leo, kwani kesho utakuwa umeoza na utakwenda kama mwenzake.

Emilienne alisimama mbele ya dirisha la malipo. Fundo la dawa lilikuwa tupu kwa mkono wake mwenyewe. Angeliacha lilivyokuwa, asingekuwa anasimama pale na pesa za mtoto, na jambo hilo lilimchoma kuliko moto wa lile pipa. Shule ilikuwa imetoa siku ya mwisho ya kulipia egzame: Jumatatu. Alimtazama Grâce, aliyekuja kwa pikipiki ya pili na zile noti amezifunga kwenye leso.

"Lipa, mama," Grâce alisema. Kisha akageuka upande ili asionekane uso.

Mtu wa malipo alizinusa zile noti, akauliza mbona zinanuka mawese. Emilienne akanyoosha mkono kudai risiti.

Mkono ukaokoka. Placide alilala pale majuma mengi, na kila alipouliza habari za egzame, Emilienne alimwambia imelipwa, watu wa kanisa walichangia, usijali, lala. Alimdanganya mchana na jioni, na uso wake haukutetereka. Watu wa kanisa walikuwa wamechangia kweli, mihogo na kuni.

Vitambaa vilitolewa juma moja kabla ya egzame. Placide alirudi Lusangi akiwa amekonda, kigutu cha mkono wa kushoto kimeziba, wa kulia una kovu kama kamba iliyoshonewa chini ya ngozi. Vidole vyake vilikunjika na kukunjuka. Alivichezesha siku nzima mbele ya wageni kama mtoto aliyepewa kichezeo.

Kisha asubuhi ya egzame ikafika. Watahiniwa wa kijiji walipita mbele ya nyumba na mashati meupe, wanaelekea kituo chao, wanaimba kwa woga. Placide alikuwa ameketi barazani. Akamwona Grâce anatoka nyuma ya nyumba na kapu la chikichi kichwani.

"Grâce, weye hauendi?"

Grâce aliweka kapu chini. Alimtazama mama yake, na katika kutazama kule hamkuwa na msamaha.

"Haikulipwa," Emilienne alisema. "Nililipa hospitali."

Placide akasimama. Akamwendea mke wake na kumchapa kofi kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kofi la kwanza katika ndoa yao. Kovu likafumuka karibu na kiwiko, damu ikamrukia Emilienne shavuni.

"Ungeniacha nikufe!" alipiga kelele. "Ile ilikuwa ya mutoto! Ungeniacha nikufe!"

Akanyanyua mkono tena. Emilienne hakuziba uso wala hakurudi nyuma. Aliudaka ule mkono hewani, akaushika kwa mikono yake miwili, damu ikimpita katikati ya vidole.

"Mukono huu niliununua na egzame ya Grâce," alimwambia. "Usiutumie bure."