Manette ya Pili

Wako wanawake wa mtaa wa Hewa Bora wanaowaonea wivu mabibi wa mjini. Victorine, fundi cherehani, alimwonea wivu mwanaume mwenye kitambi aitwaye Clément. Mnacheka? Wivu hauchagui.

Clément ni wakala wa forodha kule mpakani Kasumbalesa. Alikulia mlango kwa mlango na Liévin, mume wa Victorine, na tangu utotoni wanacheza mchezo mmoja kwenye Playstation ya zamani, ile ambayo haiwaki mpaka ipulizwe vumbi. Ni mchezo wa watu wawili, ingawa hata mmoja peke yake anaweza. Liévin ni shujaa mwenye upanga. Clément ni bibi mganga, anayerusha moto kwa fimbo na kumponya shujaa akijeruhiwa. Wamepita misitu na mapango, lakini kwenye daraja linalolindwa na jitu hufa kila mara.

Kila Jumamosi Clément alifika, akavua viatu, na Liévin, ambaye wiki nzima ukimuuliza jambo anajibu "mm", ghafla akapata maneno. "Unifuate! Uchunge mugongo yangu! Usiniache, ndugu yangu!"

Victorine alikaa nyuma yao akishona vifungo, na hakuna neno lililompita. Usiniache! Yeye hakuwahi kuambiwa hivyo, hata siku ya harusi. Bila kukusudia, aliacha sindano, vidole vyake vikabonya magoti kana kwamba ameshika manette, kile kidude cha kuchezea. Iliuma jamani, tusidanganyane.

Jumamosi moja malori yalijaa mpakani, Clément hakuja. Victorine akaketi kando ya mumewe, akanyoosha mkono kwenye manette ya pili.

"Papa Merdi," akamwita kwa jina la mtoto wao, "leo tucheze na miye."

"Apana, mama. Ile iko ya Clément."

Ya Clément! Ndani ya nyumba yake, kwenye mkeka wake! Akaenda jikoni kusonga bukari, yaani ugali, na siku hiyo wote walikula mabonge.

Tangu hapo, Liévin akiwa kazini kwenye karakana ya reli, Victorine aliwasha mashine ya mchezo. Hakumtaka shujaa, alimtaka bibi mganga huyo huyo wa Clément. Akafa, akainuka, akafa tena, mpaka siku moja akavuka daraja. Ng'ambo alikuta mfanyabiashara, na hapo jicho la fundi likafunguka. Kumbe bibi huyu amevaa gunia! Na fimbo yenyewe ni kijiti kilichopinda! Akauza kijiti, akamnunulia joho jekundu lenye mapindo ya dhahabu. Akahifadhi mchezo, akarudi kwenye cherehani yake ameridhika.

Jumamosi Clément akamkuta mganga wake anang'aa, mikono mitupu.

"Liévin, fimbo yangu iko wapi? Ile tulitafutaka tangu tuko batoto!"

"Niliuzisha," Victorine akasema. "Ilikuwa kijiti tu. Na ule bibi alikuwa anavaa mubaya."

"Shemeji! Bila fimbo hana nguvu!"

Liévin hakuwa anamsikiliza. Aliisogelea televisheni, kisha akamgeukia mkewe. "Mama Merdi, huyu mufanyabiashara iko nyuma ya daraja. Siye tulikufwaka pale miaka yote. Weye ulipita namna gani?"

"Nililitukana lile jitu, nikakimbia."

Liévin akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Clément, umupatie manette. Anionyeshe."

Clément akaitoa polepole, akahamia kiti cha cherehani. Victorine akaketi mkekani. Mbele kulikuwa na pango jipya, mganga hana fimbo, shujaa anatokwa damu.

"Unifuate, mama," Liévin akasema. "Usiniache."

Hatimaye! Victorine akageuka kidogo, aone kama Clément amesikia. Clément alikuwa anatazama skrini, na vidole vyake vilikuwa vinabonya magoti.

Victorine alivijua vidole vile. Akasogea karibu zaidi na mumewe, bega kwa bega, akaendelea kucheza.