Paa la Nani Hili?

Wiki mbili baada ya tetemeko, mnunuzi wa vyuma chakavu, watu wakimwita Mizani, alisimama mbele ya karakana iliyoanguka. Akaitupia jicho milundo ya vyombo vya majirani vilivyovunjika, akamtajia mama mfinyanzi bei ya kifusi.

"Kifusi umekiona wapi?" mama akauliza, uso hakuinua.

Alikuwa amechuchumaa akipachika vigae kwenye saruji mbichi juu ya ubao. Ilikuwa picha ya nyumba ya jirani yake, mke wa fundi cherehani, na vigae vilikuwa vya sahani na mabakuli ya nyumba hiyohiyo. Picha ikiuzwa, mwenye vyombo anaezekewa paa. Vigae vya nyumba mbili hakuvichanganya hata umlipe nini.

Mizani akanusa biashara. Mwezi haujaisha, alishampata mwenye hoteli aliyetaka picha kumi, za vyombo vya tetemeko tu, kabla ya mvua. Vigae vilitosha picha sita, za nyumba sita. Mizani hakupoteza usingizi: alinunua katoni nne za sahani mpya, akazipasua kwa nyundo nyuma ya stoo, akazigaragaza matopeni, akazileta akiwa mkavu wa macho.

Mama akaosha kipande kimoja, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Hiki kimevunjika jana."

"Mama, kuvunjika ni kuvunjika."

"Cha tetemeko kimelaliwa na ukuta. Vumbi la chokaa limekiingia, ukikisugua mpaka kesho bado ni kijivu. Hiki cheupe kama jino la mtoto. Haya niambie, mwanangu, paa la nani hili?"

"Labda langu," Mizani akajaribu mzaha. Ulimfia mdomoni. "Mama, yule anataka kumi au aache zote. Unawanyeshea watu sita kwa ukaidi wako."

"Nipeleke kwake."

Alikwenda na picha zake, saruji bado kwenye kucha. Akamwambia mwenye hoteli zipo sita. Anayetaka kumi angoje tetemeko jingine. Yule bwana akaguna, akazigeuzageuza, akazichukua kwa bei aliyoipanga mama.

"Na udalali wangu?" Mizani akauliza mlangoni.

"Aliyezungumza humo ndani ni nani?"

Mapaa sita yalisimama kabla ya mvua. Mizani alibaki na katoni nne za vipande ambavyo hata kwa bei ya kifusi havikupata mtu. Karakana ya mama ilibaki turubai tupu. Mvua ilipomfikia, alipandisha gurudumu lake juu ya matofali akaendelea kufinyanga, maji yakimfika vifundoni.