Kaka yangu aliumwa sukari, mimi nikamtangaza mama wa watu kuwa kamlisha sumu

Wakuu, nawasalimu wote, mlio nyumbani na mlio kazini.

Kila mara naona humu mtu anauliza: ndugu yangu anakonda ghafla, nimpeleke hospitali au kwa mganga wa majani? Huwa nasoma na kupita kimya. Leo nimeshindwa. Ninayoandika yote yametokea, na sina sababu ya kuyapamba kwa sababu yananiaibisha mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Beni, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Kiswahili chetu kina mambo yake, 'wa' tunasema 'ba', 'lakini' tunasema 'mais', mtanivumilia.

Miaka ile ya rébellion, vita vya waasi, risasi ziliposogea upande wetu wa Ruwenzori, nilikimbilia Butembo na kaka yangu Kambale. Tulikuwa wawili tu, wazazi walikufa zamani. Yaya Kambale (yaya kwetu ni mkubwa wako) alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, miaka ishirini na nne, mwembamba, lakini sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Butembo hatukuwa na mtu. Mjane mmoja, Mama Katungu, alitukuta tumekaa na mizigo yetu nje ya kanisa lao.

"Mukuje kwangu," akasema. "Ni padogo, mais tutaenea."

Yeye Mprotestanti, sisi Wakatoliki. Hakuuliza. Alihamishia watoto wake chumbani kwake, akatupa chumba chao. Alikuwa anauza uji wa mahindi na soya kando ya barabara, na kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa cha yaya.

Kama miezi miwili hivi ikapita. Yaya akaanza kunywa maji kupita kiasi. Bidoni nzima, dumu zima, kwa siku. Anatoka kwenda chooni, anarudi, anakunywa tena.

"Masika, niko nasikia kiu mpaka ndani ya mifupa," aliniambia. Masika ndiye mimi.

Akakonda. Suruali akaifunga na kamba. Nikasema ni mawazo ya vita, nani hakukonda wakati ule?

Tukaenda centre de santé, kituo cha afya cha mtaa. Infirmier, yaani muuguzi, mzee mpole, alimuuliza maswali mengi, halafu akaandika karatasi ya kumtuma hospitali kubwa.

"Huyu bamupime sukari," akaniambia. "Leo, hapana kesho."

Wakuu, nilicheka. Kichwani mwangu sukari ulikuwa ugonjwa wa wazee matajiri wenye matumbo. Sisi wakimbizi tunaokula mihogo tutaipata wapi? Nikakunja ile karatasi nikaitia kwenye kanga.

Njiani mama mmoja jirani akatuona. Akanivuta pembeni. "Huyo balimulisha sumu. Angalia vile anakauka. Nani anamupikia?"

Nikajibu, "Mama Katungu."

Jina nililitoa mimi. Huyo jirani hakuwa na jina la kutaja mpaka niliposema. Ilipofika Jumapili mtaa mzima ulikuwa nalo.

Yaya aligombana na mimi. Alikuwa ameshika ukuta ili asimame. "Masika, ule mama anatulisha. Tuende hospitali, banipime tu hiyo sukari yabo, tujue." Nikamwambia wewe ni mgonjwa, huoni. Nikamwondoa pale nyumbani bila hata kuaga. Mama Katungu alisimama mlangoni, kikombe mkononi, akatuangalia tunapanda pickup.

Tulienda Mutwanga, upande ule ule wa Ruwenzori tuliokimbia, kwa mganga aliyesifika kwa kutoa sumu. Pickup mpaka Beni, halafu pikipiki, yaya katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Nilihisi mbavu zake zote.

Mganga akampa majani ya kumtapisha. Kisha, ili apate nguvu, akampa asali, vikombe kwa vikombe.

Naomba nipumzike kidogo hapa.

Siku ya tatu yaya akaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima, na amelala. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva sana. Mganga akasema sumu inatoka. Mimi nikaogopa. Nikaomba wanaume wawili wambebe mpaka kituo cha afya.

Infirmière wa pale alikuwa dada wa umri wangu. Alimwinamia tu, akasikia ile harufu, akachukua mkojo akatumbukiza kijikaratasi. Rangi ikabadilika mbele yangu.

"Hapana sumu," akasema. "Ni sukari. Balimupa nini huko?"

Nikasema asali. Akafumba macho.

Dawa ya sindano ya kushusha sukari hakuwa nayo. Alimtundikia serum, dripu ya maji ya chumvi, akatupakia kwenye gari lililokuwa linaenda Beni. Barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari wakatuteremsha, wakapekua. Ya pili hivyo hivyo. Hospitali tulifika, madaktari wakapigania uhai wake mpaka asubuhi ya pili. Akafa saa nne asubuhi hiyo. Neno lake la mwisho kwangu liliomba maji.

Kwa miaka nilisema vita ndivyo vilimuua, zile barrière. Watu walinipa pole, nikaipokea. Lakini siku tulipokuwa na ile karatasi, hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na barabara ilikuwa wazi.

Baada ya mazishi nilirudi Butembo. Mama Katungu alikuwa ameacha kuuza uji. Hakuna aliyenunua, hata kanisani wanawake walikuwa hawapokei kitu mkononi mwake. Nilipiga magoti uani kwake, nikamweleza yote. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa lao nikayarudia.

Mama Katungu alinisindikiza mpaka barabarani. "Nilikusamehe," akasema. "Mais bale balisikia ile ya kwanza, bamoja bashakimbia vita, bako Kampala, bako Bunia. Nani atabaambia?"

 

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mtu akinywa maji hovyo, akikojoa sana na kukonda, mpimeni sukari siku hiyo hiyo, hata kama ni kijana, hata kama ni maskini. Ukipewa karatasi ya hospitali, nenda nayo. Na kabla hujataja jina la mtu, subiri kipimo.

Aliyepitia kama haya aandike hapa chini, na mwenye kunilaumu pia aandike, nitasoma. Na kama humu kuna mtu aliyekaa Butembo miaka ile akaisikia habari ya mama wa uji: mama yule hakumlisha mtu sumu. Anaitwa Katungu. Mwambieni na aliyewaambia.